Maswali ya mama kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Mzee akisema "upasuaji wa macho sitaki", nyumbani tunakuwa wepesi kusema ni ukaidi wa uzee. Mimi nimempeleka mama yangu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja kisha la pili, na baadaye nikaongozana na shangazi na jirani yetu mmoja. Kwa wote nimeona kwamba nyuma ya ile "sitaki" kuna swali ambalo mtu anaona haya kuliuliza. Likijibiwa, anakwenda mwenyewe. Lisipojibiwa, hata umlipie kila kitu atatafuta sababu, au atafika hospitali presha imepanda kwa hofu na kurudishwa nyumbani hadi ishuke.

Kwa mama, swali lilitoka siku nilipoacha kumbembeleza nikamwuliza tu, "Mama, unaogopa nini hasa?" Akasema aliambiwa msibani kwamba jicho linang'olewa, linawekwa kwenye sahani, linasafishwa, ndipo linarudishwa. "Na likikataa kurudi, mwanangu?"

Jicho halitolewi. Linabaki mahali pake mwanzo hadi mwisho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo angavu ambayo kazi yake ni kukusanya mwanga na kuupeleka nyuma kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Lenzi hiyo imejaa maji na protini. Umri ukisogea, zile protini huanza kugandana na lenzi inapoteza uangavu wake, kama kioo cha chemli kilichoshika moshi: taa inawaka, ila mwanga haupiti sawasawa. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Si ngozi inayoota juu ya jicho, kwa hiyo hakuna cha kukwangua kwa nje. Kisukari, kuumia jicho, sigara, jua kali la miaka mingi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, humleta mapema zaidi.

Daktari anachofanya ni kufungua tundu dogo pembeni mwa sehemu nyeusi ya jicho na kuitoa ile lenzi iliyochafuka. Akitumia mashine ya mawimbi ya sauti inayoivunjavunja na kuinyonya, tundu huwa la milimita 2 hadi 3. Akiitoa nzima kwa mkono, njia inayotumika sana katika hospitali zetu na yenye matokeo mazuri pia, huwa la milimita 6 au 7, na limekatwa kwa namna ya kujifunga lenyewe, mara nyingi bila nyuzi. Ule mfuko mwembamba uliokuwa umeibeba lenzi unaachwa, na ndani yake inawekwa lenzi bandia ya plastiki. Nilimwomba muuguzi wa kliniki amweleze mama hayo yote kwa mdomo wake, maana maneno ya mtoto wako hayana uzito wa maneno ya mtu aliyevaa sare.

Mama akatoa swali jingine: hiyo plastiki haiozi humo ndani? Haiozi wala haina muda wa kuisha. Inakaa maisha yote. Daktari Harold Ridley aliwatibu marubani wa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, akaona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwao vilikaa mle bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Kabla lenzi hizo hazijaenea, mtu aliyetolewa mtoto wa jicho alilazimika kuvaa miwani minene mno maisha yake yote. Wazee wetu wengi waliwaona watu wa miwani hiyo, na ndiyo maana wanadhani upasuaji unakuachia macho nusu.

Maumivu. Mgonjwa hupigwa ganzi, kwa matone au kwa sindano pembeni mwa jicho, na mara nyingi yuko macho kabisa. Sindano ndiyo mama aliyoisikia, kidogo. Baada ya hapo alisikia kubanwabanwa, akaona mwanga, akamsikia daktari akiomba vifaa, na kazi ikaisha akiwa bado anavuta uradi kimoyomoyo. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30. Kinachowashtua wengi ni kufunikwa uso kwa kitambaa chenye tundu la jicho tu, kwa hiyo mwambie mzee wako mapema. Mwambie pia kwamba kikohozi kikimjia, au akisikia kubanwa pumzi, aseme kwa sauti. Asiinue mkono kwenda usoni wala asigeuze kichwa.

Sasa lile la kuambiwa mtoto wa jicho asitolewe mapema, "subiri akomae". Hili linanikera kwa sababu linapoteza macho ya watu, na bado linasemwa mitaani kila siku. Lilikuwa na maana zamani. Leo hakuna haja ya kungoja mboni igeuke nyeupe. Kadiri lenzi inavyokomaa ndivyo inavyokuwa ngumu kuitoa, na ikiachwa sana inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya ndani ya jicho ikapanda, na mgonjwa akapata maumivu makali na hata kupoteza jicho. Wakati wa kufanyiwa ni pale uoni unapoanza kumkwamisha mtu katika shughuli zake. Mama alikuwa akichambua mchele mlangoni penye mwanga na bado tukawa tunauma mawe mezani. Yeye akawalaumu wauza mchele. Dukani akatoa noti ya elfu kumi badala ya elfu mbili. Jioni akawa hashuki ngazi za baraza bila kupapasa ukuta. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, hasara yake ni kubwa kuliko ya upasuaji wowote wa macho.

Kuna ishara moja inayowadanganya watu. Mzee aliyekuwa hasomi bila miwani anaanza kusoma msahafu au gazeti bila miwani, na nyumba nzima inashukuru. Mara nyingi ni lenzi inayokuwa ngumu na kubadili nguvu yake: karibu panaonekana vizuri kwa muda huku mbali pakizidi kufifia. Mpelekeni akapimwe.

Na mpelekeni kwa sababu nyingine pia: si kila giza la macho ni mtoto wa jicho. Presha ya macho, yaani glaukoma, huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kisukari huharibu retina. Daktari atatia matone ya kupanua mboni na kuangalia nyuma ya jicho. Hapo umwulize waziwazi: "Baada ya upasuaji tutegemee aone kiasi gani?" Shangazi ana kisukari cha siku nyingi, na aliambiwa kabla kwamba ataona vizuri zaidi lakini si kama zamani. Ikawa hivyo, na aliridhika kwa sababu alijua. Familia zinazolalamika kwamba "walimharibu mzee" mara nyingi ni zile ambazo hazikuambiwa hali ya nyuma ya jicho tangu mwanzo.

Matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho hayapo. Asali, maji ya majani, utomvu, maziwa ya mama, na vile vichupa vinavyouzwa kwenye mitandao kwa ushuhuda mrefu, hakuna hata kimoja kinachorudisha uangavu wa lenzi. Ubaya ni kwamba vingine vinaunguza kioo cha mbele cha jicho na kuacha kovu jeupe, na kovu hilo halitibiwi na upasuaji wa mtoto wa jicho. Hapo mtu anakuwa amegeuza tatizo lenye tiba kuwa tatizo gumu.

Kwa maandalizi, hakikisha sukari na presha zimetulia wiki kadhaa kabla, na jicho lipimwe ili ijulikane lenzi ya nguvu gani itawekwa. Beba dawa zote anazotumia, na vichupa vyake. Wazee wa kiume wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume wamwambie daktari wa macho hata kama waliacha zamani, kwa sababu dawa hiyo hulegeza mboni na daktari anatakiwa ajiandae. Wengi hawaisemi; wanaona mkojo na macho havihusiani.

Kuhusu fedha sitaji bei, maana zinatofautiana sana. Ulizia bima. Hapa Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aulizie utaratibu wa msamaha kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali. Kambi za macho zinasaidia mno, nami nazipenda, ila kabla mzee hajapanda meza ya kambi uliza kitu kimoja: kambi ikiondoka, tukipata shida tumpeleke wapi na kwa nani? Pata jibu lenye jina la kituo na namba ya simu.

Kazi kubwa ya familia inaanza mkirudi nyumbani. Shangazi alipewa chupa mbili za matone zinazofanana katika kituo fulani, bila maelezo zaidi ya "tumia kama ilivyoandikwa", na maandishi yenyewe madogo. Tuliifunga chupa moja mpira wa kufungia noti, ile ya kutuliza uvimbe, nyingine ya kuua vijidudu tukaiacha wazi, akawa anazitofautisha kwa kidole. Acha dakika 5 kati ya tone na tone, la sivyo la pili linaliosha la kwanza. Nawa mikono kwanza, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Msiache matone kabla ya muda kwa sababu jicho limekuwa jeupe na zuri, na msiendelee nayo baada ya muda, kwani ya kutuliza uvimbe ikizidishwa inaweza kupandisha presha ya macho.

Asisugue jicho. Usiku alale na ile ngao ya plastiki ya kufunika jicho. Maji ya kuoga yasiingie, asibebe ndoo, asiiname jikoni kwenye moshi wa kuni. Wajukuu wadogo wasilale naye kitanda kimoja siku za mwanzo. Mkono wa mtoto usingizini hauna adabu.

Mama alihuzunika kuhusu swala kuliko jambo lolote. Kusujudu kunateremsha kichwa chini na kuliongezea jicho shinikizo, na daktari alimtaka ajizuie kwa muda. Sheikh wa msikiti wetu alimweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa kwenye kiti na kuashiria kwa kichwa, na akamwelekeza la kufanya kuhusu udhu. Nakushauri umwulize daktari muda na umwulize sheikh namna, yote mawili kabla ya siku ya upasuaji. Mama alipopata majibu hayo, ndipo alipokubali tarehe.

Siku za mwanzo jicho huwasha kama lina mchanga, hutoa machozi, na mwanga unaumiza. Hayo hupungua kila siku. Yakienda kinyume, maumivu yakazidi, wekundu ukaongezeka, usaha ukatoka, au uoni uliokuwa umekuja ukaanza kufifia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki, na usinunue dawa duka la jirani. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa wachache, lakini yanaweza kuliua jicho kwa siku chache. Miale ya mwanga, au kivuli kinachoshuka kama pazia, nayo ni dharura.

Ataona mbali vizuri, na kwa kawaida atahitaji miwani ya kusomea. Msikimbilie kuinunua kabla jicho halijatulia, kama mwezi hivi. Jirani yetu alianza kuona ukungu muda mrefu baada ya upasuaji akasema mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, lenzi yake haipo tena. Ni ule mfuko ulioachwa ndio ulioshika utando, na hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache bila kukatwa. Alikwenda asubuhi, akarudi mchana.

Watoto nao hupata mtoto wa jicho, wengine huzaliwa naye, na kwao haraka ni kubwa kuliko kwa wazee, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo. Ukikosa mwanga wakati huo, jicho linaweza kubaki vivu hata likitengenezwa baadaye. Na weupe ndani ya mboni ya mtoto unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Ukiuona, iwe kwa macho yako au kwenye picha ya simu, mpeleke wiki hiyo hiyo, na usimkubali yeyote anayekwambia usubiri akue.