Mkuu, usiendelee na hicho kistari: mistari ya fomu inachorwa kwa jedwali

Mkuu, toa kidole kwenye hicho kitufe kwanza.

Nimesoma ulichoandika. Kikundi chenu cha akiba na mikopo kinataka fomu ya maombi ya mkopo. Unataka mstari wa mawimbi chini ya kichwa na mstari wa nukta wa kukatia kipande cha risiti. Sehemu za kujaza unasema "nimeshaanza kuzipiga kwa kistari cha chini, zinapendeza". Na wiki hii unapeleka kwa mchapaji.

Zinapendeza! Hata zangu zilipendeza, tena sana, kwenye kompyuta yangu.

La mawimbi tulimalize maana halina shida. Nenda kwenye mstari mtupu chini ya kichwa, piga ~ mara tatu, bonyeza Enter. Word itatandaza wimbi kutoka pambizo hadi pambizo. Ukipiga === unapata mistari miwili, ### unapata mitatu wa kati mnene, *** unapata vijinukta, ndio wa kukatia risiti. Hata LibreOffice inachora mistari kwa njia hiyo, ila sura zake zinatofautiana na za Word. Ila jua kwamba huo si mchoro, ni ukingo wa aya iliyo juu yake, ndiyo maana watu wanahangaika kuubofya waufute wanashindwa. Weka kielekezi (cursor) kwenye aya ya juu, nenda Borders, chagua No Border, umetoka. Basi.

Sasa tuje kwenye balaa lenyewe.

Nilipata kazi kama hiyo yako. Fomu ya mkopo ya kikundi, nakala tatu za karatasi inayojikopi yenyewe, nyeupe, njano na waridi. Unaijua bei ya zile karatasi, sina haja ya kukuchosha. Nikaandika "Mimi", nikakandamiza Shift na kile kistari kilicho kando ya sifuri mpaka mstari ukafika mwisho wa ukurasa. "S.L.P.", nikakandamiza. "Naomba mkopo wa shilingi", nikakandamiza. "Kiasi kwa maneno", nikakandamiza mistari miwili mizima. Pale ilipopungua nikaongeza kimoja, ilipozidi nikafuta kimoja, mpaka ncha zote za kulia zikawa sawa kabisa. Kwa ajili ya sahihi za mwenyekiti, mhasibu na wadhamini nikaona nifanye ufundi zaidi: Insert, Shapes, nikachora mistari kwa mkono huku nimeshika Shift isipinde. Ukiitazama ile fomu kwenye skrini ungeniajiri.

Na haya sikuyabuni mimi. Nilifundishwa darasani, kwenye chuo cha kompyuta nilicholipia ada kwa pesa yangu, na mwalimu aliyekuwa anapita nyuma yetu akisema "ongeza, ongeza, bado, hapo hapo". Cheti ninacho, ukutani, kina fremu. Mwalimu mwenyewe nasikia bado anafundisha, na sina shaka kwamba muda huu kuna kijana amekandamiza kistari huku anaambiwa "ongeza".

Wa pili kunizika ni mchapaji. Nilimuuliza nimtumie PDF? Akasema, "Aa, wewe leta Word tu, PDF inatusumbua kurekebisha." Nikaleta Word. Nilipompigia kujua imefunguka vizuri akanijibu iko fresh. Yule bwana naamini hata nyumba ikiungua atasema iko fresh.

Kilichotokea ni hiki. Mimi niliandika kwa Calibri, aina ya herufi (fonti) ambayo ndiyo Word ilikuwa inaanza nayo tangu toleo la 2007. Mashine yake haikuwa na Calibri. Programu ikikosa fonti uliyotumia haikuambii kitu, inachukua nyingine inayoona inafanana. Ikachukua moja pana kuliko yangu. Kistari cha chini nacho ni herufi kama herufi nyingine, kikawa kipana. Kimoja hakina athari, lakini ukipanga sitini kwenye mstari mmoja vinazidi ukurasa, na vile vya mwisho vinashuka chini. Kwa hiyo kila mstari wangu ukaacha kimkia cha vistari vitatu vinne kwenye mstari unaofuata. "Mimi" ikawa na mkia, "S.L.P." ikawa na mkia, zote. Kila mkia ukasukuma fomu chini kidogo.

Na ile mistari niliyochora kwa mkono? Yenyewe haikusukumwa. Mstari wa Shapes umefungwa nanga kwenye aya fulani, na wangu ulikuwa umefungwa kwenye aya ya juu sana bila mimi kujua. Maandishi yakashuka, mistari ikabaki pale pale. Mmoja ukapita katikati ya "Kiasi kwa maneno". Mwingine ukapita juu ya "Sahihi ya mdhamini wa kwanza", sawasawa kama mtu aliyeikata kwa rula na kalamu.

Fundi akatengeneza pleti, yaani bamba la kuchapia, akachapa zote, akazifunga vitabu, akapiga gundi. Mhasibu wa kikundi, mama mmoja mtaratibu sana, akafungua kitabu cha kwanza, akavaa miwani, akaniangalia. "Mwanangu, huyu mdhamini tumemfuta au tumemwandika?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Nilizilipia mimi. Zile za njano bado naandikia hesabu za duka.

Sasa wewe kwako ni mbaya zaidi, maana umesema una Word mpya. Microsoft tangu 2023 wameanza kuiondoa Calibri kwenye nafasi ya kuanzia, wameleta herufi inaitwa Aptos. Uende na Aptos yako kwenye kompyuta ya mchapaji yenye Word 2010 uone kama ataijua.

Sheria ni moja na ndiyo naomba uondoke nayo hata ukisahau mengine: mstari wa kujazia kwenye fomu ni ukingo wa jedwali. Sio herufi wala mchoro, ni ile tebo unayoiweka kila siku kwenye bajeti. Kisanduku cha jedwali upana wake unapangwa kwa sentimita, kwa hiyo herufi ibadilike, isibadilike, mstari haunenepi wala haushuki.

Weka jedwali la safu mbili. Kushoto andika "Jina kamili", "S.L.P.", "Simu", kulia acha wazi. Chagua jedwali zima, Borders, No Border. Ukiona mistari myepesi ya vidoti imebaki, usishtuke, hiyo ni ya kukuongoza tu, haichapwi. Halafu chagua visanduku vya kulia peke yake, weka Bottom Border. Hapa ndipo wengi wanarudi wakilalamika kwamba "imeweka mstari mmoja tu chini kabisa". Ndiyo, kwa sababu ukichagua visanduku vingi Word inaona chini ni chini ya vyote. Bonyeza na Inside Horizontal Border, kila kimoja kitapata wa kwake. Unene weka nusu pointi au robo tatu. Robo pointi kwenye skrini inavutia, lakini ukija kuitoa kopi kwenye mashine iliyochoka inapotea.

Kisha nenda Layout ya jedwali, Properties, Row, urefu wa safu mlalo andika sentimita 0.9 na uchague Exactly, maandishi uyalaze upande wa chini ndani ya kisanduku. Watu wetu wanaandika kwa mkono, tena wengine wamesimama, wanajazia kwenye goti. Usiwape nafasi ya mstari wa daftari la hesabu. Na kwenye Options za jedwali ondoa tiki pale inaposema lijipanue lenyewe kufuata maandishi, la sivyo mtu mwenye majina matano akijazia kwenye kompyuta atakutanulia safu nzima.

Sahihi nazo ni jedwali. Safu tatu, ya katikati nyembamba haina mstari, za pembeni zina ukingo wa juu, chini yake unaandika "Mwenyekiti" na "Mhasibu". Dole gumba mpe kisanduku kizima chenye kingo zote nne.

Kuna atakayekuja hapa chini aseme "si ageuze PDF tu yaishe". PDF sawa, peleka PDF, na mchapaji akikuambia inamsumbua tafuta mchapaji mwingine. Lakini mwezi ujao kikundi kitabadilisha namba ya simu, watakuomba faili la Word, katibu atalifungua kwenye kompyuta ya mtoto wake, na mikia itarudi pale pale.

Kabla hujatuma fanya hivi: Ctrl+A, badilisha herufi zote ziwe Arial, ukubwa uongeze pointi moja. Mistari ikibaki ilipo, Ctrl+Z mpaka urudi ulipokuwa, geuza PDF, tuma. Ikipata mkia hata mmoja, pandisha picha yake hapa kwenye uzi tuuone wote kabla fundi hajagusa pleti.