4066 inayowaka na kuzima yenyewe: usitupe aisii bado

Ndugu, umesema boksi lako la kuchagua simu au redio hubadilika lenyewe ukisogeza mkono karibu, na besi ikipanda sauti inakwaruza. Usinunue CD4066 nyingine, ile aisii (chipu) yenye swichi nne ndani zinazowashwa kwa umeme. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na nilizikuta zote kwenye boksi moja la kanisa lililoletwa kwangu hapa Kondele, Kisumu.

Ya kwanza iko kwenye miguu ya amri, ile inayowasha na kuzima kila swichi ya ndani: 13, 5, 6 na 12. Kwenye mchoro wako swichi ya mkono inapeleka 12V mguuni, lakini ukiifungua mguu unabaki hauna pa kushika. Hapo hunasa chochote, hata mngurumo wa stima wa 50Hz. Boksi la kanisa lilinichezea sana: nikigusa mguu 13 kwa mita, linatulia, nikiondoa, wazimu unarudi. Sababu ni kwamba mita yenyewe, kwa ukinzani wake wa ndani, ilikuwa inauvuta mguu chini. Weka rezista ya 100k kutoka kila mguu wa amri hadi hasi. Swichi za ndani usizotumia, amri zake zifunge moja kwa moja kwenye hasi. Halafu kapasita ya 100nF kati ya mguu 14 (chanya) na 7 (hasi), karibu na aisii kabisa.

Kukwaruza ni habari nyingine. Sauti ya simu hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na wewe mguu 7 umeuweka sifuri. Aisii hii haipitishi vizuri kitu kilicho chini ya mguu 7 wala juu ya mguu 14. Ndiyo maana sauti ndogo ni safi, ukiongeza inaharibika.

Kwa hiyo inyanyue sauti hadi katikati ya sifuri na 12V. Rezista mbili za 10k kutoka 12V hadi hasi zitakupa 6V. Tuliza hapo kwa kapasita ya 47µF. Kutoka hiyo 6V peleka 100k kwa kila mguu wa kuingilia, na mmoja wa kutokea pia, la sivyo utasikia "pu!" kila ukibadilisha. Kapasita za 10µF ziwe mlangoni na kwenye kutoka, chanya ikitazama aisii. Mafundi wengi hukosea hapo na kuzigeuza.

Na kama unapanga kuiendesha kwa Arduino (kibodi kidogo cha kuprogramu) ya 5V, hizo 5V hazitafika: kwa 12V amri inataka kama 8.4V. Pitishia kwenye transista ya BC547 kwanza, ukikumbuka kwamba amri itageuka kinyume.