Maswali na majibu: Damu kuganda kwenye vena

Swali: Nililazwa kwa nimonia na mguu sikuumia. Bonge la damu pajani limetoka wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Limetokana na nimonia hiyo hiyo. Mwili unapopambana na vimelea, inflamesheni (kinga ya mwili kuchachamaa) huamsha chembe nyeupe za damu na kuta za vena, nazo hutoa protini inayoanzisha kuganda, huku ini likizalisha kwa wingi fibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi za bonge. Baadhi ya chembe nyeupe hutema nyuzi za DNA ambazo hunasa vimelea kama jarife linavyonasa samaki, lakini nyuzi hizo hunasa pia chembe sahani (chembe ndogo zinazogandisha damu) na kulijenga bonge. Kulala kitandani kutwa kucha, damu ikienda taratibu miguuni, humalizia kazi. Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa wamuulize daktari mapema kama anahitaji sindano za kinga za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwani wengi huuliza habari za dripu tu.

Swali: D-dimer yangu imepanda. Nina bonge?

Jibu: Si lazima. D-dimer ni mabaki ya bonge linapovunjwa, lakini hupanda pia kwa maambukizi, ujauzito na upasuaji. Fanya ultrasaundi ya vena.

Swali: Mke wangu alijifungua wiki tatu zilizopita, na mguu mmoja umevimba. Tuuchue kwa mafuta ya karafuu?

Jibu: Msiuchue! Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila linaporudi limebadilisha mafuta tu. Mguu mmoja unaovimba, kuuma na kuwa wa moto ndani ya wiki sita za uzazi hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge likimeguka huishia mapafuni. Akibanwa pumzi ghafla, akichomwa kifuani au akikohoa damu, hiyo ni dharura.

Swali: Kama chanzo ni inflamesheni, diklofenaki haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Hutuliza maumivu, na bonge hubaki palepale. Anayeimeza pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anajitafutia kutokwa damu tumboni.

Swali: Natumia dawa za kifua kikuu na warfarini, lakini INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) haipandi.

Jibu: Kifua kikuu chenyewe huchochea damu kuganda, na rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hulifanya ini liivunje warfarini upesi, hivyo huenda daktari akaongeza dozi, usiiongeze mwenyewe. Ninachokihofia zaidi ni siku utakapomaliza rifampisini, kwa kuwa katika wiki zinazofuata dozi ile ile kubwa inaweza kukutoa damu. Mjulishe anayekupima INR tarehe ya kumaliza kabla haijafika.