Petra: Tazameni Mifereji Kwanza

Mmeuliza wiki hii ni mahali gani pa kale ugenini panapostahili gharama ya safari, na msafiri akifika atazame nini. Jibu langu ni Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani kusini mwa Yordani, ila ningemsihi anayekwenda huko asiwe na pupa ya kulifikia lile jengo la kwenye kalenda.

Njia ya kuingilia ni Siq, ufa mwembamba wa mwamba wenye urefu wa kilomita 1.2 hivi, ambao wageni wengi huupita mbio, simu mkononi, wakingoja Al-Khazneh, ndilo jengo hilo la kwenye kalenda, ichungulie mwishoni. Kumbe kazi iliyonistaajabisha zaidi iko ubavuni mwao: upande mmoja umechongwa mfereji mwambani, na upande wa pili yalipitishwa mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine na kuzibwa maungioni. Kwa mabomba na mifereji hiyo Wanabatea, watu wa kale waliouchonga mji huu na waliotajirika kwa misafara ya ubani na manemane, waliyafikisha maji ya chemchemi mjini, katika nchi ambayo mvua yake ni haba.

Ni haba, lakini ikija huja kwa vurugu. Ndiyo maana mlangoni mwa Siq walijenga ukuta wa kuzuia mafuriko na kutoboa handaki la kuyageuzia kando. Mwaka 1963, kinga hiyo ikiwa imekwisha kuharibika kwa karne nyingi, maji yaliingia ndani ya Siq na kuua watalii zaidi ya 20 kutoka Ufaransa. Baada ya hapo ukuta ulijengwa upya palepale walipokuwa wamepachagua Wanabatea.

Uzuri wa Al-Khazneh siukatai. Ina kimo cha karibu mita 40, nayo ilichongwa mwambani kuanzia juu kushuka chini. Hata hivyo inaaminika kuwa ni kaburi, na chungu kilicho kileleni kina makovu ya risasi za watu waliodhani kimeficha dhahabu, ilhali ni jiwe gumu hadi ndani, hakina uwazi.

Mwenye muda mchache, basi, amwombe mwongozaji amwoneshe handaki kabla ya kitu kingine. Liko kulia, kabla tu ya kuingia Siq, na wasioambiwa hulipita bila kugeuza shingo.