Mstari mzima uwe mwekundu

Ndugu karani wa Newala, nimekuelewa: mkulima wa korosho asiyelipwa, unataka mstari wake wote kwenye jedwali la Excel uwe mwekundu, ila kinageuka kisanduku kimoja tu. Kanuni ya kisanduku kitupu uliyotumia hupaka kisanduku hicho peke yake. Chagua data kuanzia A2, acha vichwa, fungua Conditional Formatting (upakaji rangi kwa masharti), chagua kanuni ya fomula, andika =$E2="" (kama E ndiyo tarehe ya malipo), kisha rangi. Alama ya dola ($) iwe mbele ya E tu. Ukiiweka na mbele ya 2, mistari yote itatazama E2.

Uzito uandike 850, si "kilo 850". Kwa Excel, maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote, hivyo kanuni ya "zaidi ya 500" itampaka hata wa "kilo 40". Nilipoteza siku nzima hapo! Kabla ya kulipa, mhasibu alinganishe orodha na stakabadhi.