Mtoto ananijibu "sijui" tu, na shauri lake limekaribia

SWALI: Ninajitolea kuwa mtetezi wa mtoto wa miaka 10 anayeishi na walezi wa kambo. Nimeshamtembelea mara nne, na kila nikimuuliza anataka nini hujibu "sijui". Juzi alisema kuna jambo ataniambia nikiapa kutomwambia mtu. Mahakama itasikiliza shauri lake baada ya wiki tatu. Nifanyeje?

JIBU: Nianze na hicho kiapo, maana hakingoji wiki tatu. Usiape. Akikueleza kwamba anaumizwa, utalazimika kuripoti, naye atakuwa amepata mtu mzima mwingine aliyemwahidi kisha akamgeuka. Mwambie hivi: "Siwezi kuapa. Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitamwambia mtu wa kukulinda. Ila nitakueleza kwanza nitamwambia nani na nitasema nini." Huenda akanyamaza. Usimbane. Andika maneno yake yaleyale aliyosema juzi, pamoja na tarehe, umjulishe msimamizi wako leo. Akianza kusimulia, sema tu "nieleze kilichotokea". Swali kama "fulani alikupiga?" linamtilia jibu mdomoni, na linaweza kuharibu ushahidi.

Sasa hilo la "sijui". Mtoto aliyehamishwa nyumba hadi nyumba ameulizwa swali lako na watu wengi wenye madaftari. Pengine alijibu na hakuna kilichobadilika, au alijibu akahamishwa tena. Pia, kusema "napenda kukaa hapa" kwake kunaweza kuwa sawa na kumsaliti mama yake. Kwa hiyo achana na swali kubwa. Weka daftari kando, tembeeni au mchore pamoja, asikae akikodolewa macho. Uliza madogo unayoweza kuyafuatilia: siku yake inakuwaje, anamkumbuka nani. Akisema hajaongea na dada yake siku nyingi, ulizia kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha mrudishie jibu hata kama ni "bado". Nenda siku na saa uliyosema. Ukichelewa, ongea na yeye mwenyewe, si mlezi peke yake. (Zawadi acha nyumbani. Najua inauma kwenda mikono mitupu, lakini mtoto hujifunza upesi kumwambia mleta zawadi anachopenda kusikia.)

Kuhusu ripoti utakayoiandikia mahakama juu ya mtoto huyu, ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, inampa haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi, na maoni yake kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Haimlazimishi kusema. Kama hadi siku hiyo hajawa tayari, andika hivyo hivyo, usimtungie matakwa. Tenga aliyosema yeye na unayoona wewe kuwa ni kwa manufaa yake; mkitofautiana, mahakama ione yote mawili, naye asikie tofauti hiyo kutoka kwako kabla ya siku ya shauri.

Kabla ya kuiwasilisha, msomee sehemu yenye maneno yake, umuulize umekosea wapi. Watoto wasiojibu maswali mara nyingi hawakosi la kusahihisha, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Uamuzi ukitoka, rudi umweleze wewe mwenyewe wiki hiyohiyo, hasa ukiwa si ule alioutaka.