Usinunue gitaa la kwenye picha

Juzi Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja alinifuata nje ya kanisa pale Kirumba, Mwanza, akiwa ameshika simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Slash, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Guns N' Roses: kofia ndefu, nywele zimefunika uso, gitaa la Gibson Les Paul limening'inia karibu na magoti. "Anko, nina laki nne. Nataka hili." Nikamuuliza kama amewahi kulishika. Hajawahi. Atapigia wapi? Jumapili kanisani, wikiendi kwenye bendi ya harusi. Nikamwambia akae kwanza, maana mimi niliwahi kuwa yeye.

Mwaka 2009 niliuziwa gitaa lililoandikwa Gibson kichwani kwa laki tatu na nusu. Aliyeniuzia hakusema uongo hata mmoja. Alilitoa kwenye begi, akaliweka mezani, akanyamaza, nami nikajidanganya mwenyewe. Sikuligeuza. Ningeligeuza ningeona skrubu nne zimeishika shingo, wakati shingo ya Les Paul halisi hugandishwa kwa gundi. Ningetazama kichwani ningeona kile kifuniko kidogo kinachoziba chuma cha kunyooshea shingo kina skrubu tatu. Cha Gibson kina mbili. Hayo ni mambo ya sekunde kumi, na huhitaji kujua nota hata moja. Anza hapo. Halafu fikiria bei: Les Paul halisi ya Gibson, ikiwa mpya, inahesabiwa kwa mamilioni. Ya laki nne haipo, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake.

Nililificha uvunguni karibu nusu mwaka kwa aibu. Siku moja nikalipeleka kwa fundi redio mmoja Igoma, mzee aliyezoea kufungua deki na redio kaseti. Akachomea upya risasi kwenye tundu la waya, akabadilisha kitasa cha sauti kilichokuwa kinakwaruza, akanirudishia huku anacheka: "Hii nayo ni redio tu, mwanangu, imekosa spika." Hakukosea sana. Bwana Leo Fender, mwenye magitaa ya Fender, aliyetutolea gitaa la Telecaster na baadaye, mwaka 1954, Stratocaster, alikuwa fundi redio mwenye duka lake huko Fullerton, California. Kupiga gitaa hakujua.

Lile gitaa bandia ninalo mpaka leo, na aibu ilikwisha siku nilipojua habari ya Slash. Albamu ya kwanza ya Guns N' Roses, ya mwaka 1987, ndiyo iliyowafanya vijana wengi watamani Les Paul. Gitaa alilotumia kuirekodi halikutoka Gibson. Lilikuwa nakala iliyochongwa kwa mkono na fundi aitwaye Kris Derrig. Jimmy Page wa Led Zeppelin naye tunamkumbuka na Les Paul yake ya 1959 aliyoipata kwa mpiga gitaa mwenzake Joe Walsh, lakini albamu yao ya kwanza aliipiga kwa Telecaster aliyopewa na mwingine, Jeff Beck. Solo ya "Stairway to Heaven" nayo ni Telecaster ileile. Miaka mingi niliisikiliza solo hiyo nikiapa kwamba naisikia Les Paul. Masikio yangu yalikuwa yanaangalia picha.

Kwa hiyo kijana akiniambia anataka sauti ya fulani, namuuliza kwanza kuhusu pikapu. Simaanishi ile inayobeba dagaa kutoka Mwaloni. Nasema zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Stratocaster ya kawaida ina pikapu tatu za koili moja moja, na mlio wake ni mkali na mwangavu, kila uzi unasikika peke yake. Ndilo gitaa la Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akachukua gitaa la mkono wa kulia akalipindua na kufunga nyuzi upya. Kwa solo za dansi zenye ladha ya Kikongo, mlio huo hauna mpinzani. Kasoro yake ni kwamba koili moja hudaka mvumo wa umeme wa ukutani kama redio inavyodaka stesheni. Weka kwenye ukumbi wenye taa za tyubu, friji la soda na waya zilizoungwaungwa kwa selotepu, na kabla hujagusa uzi watu watageuka kuuliza ni pampu gani imewashwa.

Gibson walilitatua hilo mwaka 1955 kupitia mhandisi wao Seth Lover. Aliweka koili mbili zinazopingana, mvumo wa moja ukafuta wa nyingine, sauti ya nyuzi ikabaki, tena ikanenepa. Pikapu hiyo inaitwa hambaka. Kama unapiga mahali ambapo umeme wake huuamini, chukua gitaa lenye hambaka na usibishane na mtu. Jina lililoandikwa kichwani halina kazi hapo.

Jambo la pili ni mwili wako. Les Paul nyingi huzidi kilo nne. Dukani ni kitu kidogo. Harusi ikianza saa mbili usiku na MC akiwa bado anaita kamati saa saba, bega litakukumbusha. Urefu wa uzi unaolia, kati ya sehemu mbili unapobanwa, nao si sawa: Fender milimita 648, Gibson milimita 628 hivi. Sentimita mbili tu, lakini kwa noti ileile uzi wa Fender umekaza zaidi, na mwenye vidole vifupi au vilivyochoka anazisikia hizo sentimita.

Mwalimu wangu katika hili ni Tony Iommi wa Black Sabbath. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa ni wa mashoto, vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Alijitengenezea vikofia vya plastiki iliyoyeyushwa kutoka chupa ya sabuni, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa analegeza tyuni ili nyuzi zilainike. Ile sauti nzito ambayo leo vijana wanaitafuta kwa kununua madude ya kukanyaga yanayobadili sauti ya gitaa, yeye ilimjia akiwa anakwepa maumivu. Basi nawe, nyuzi zikikuchana vidole, funga nyembamba, namba 9. Hakuna medali ya kuumia.

Gitaa ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, halijawahi kuwa dukani wakati linatengenezwa. Ni Red Special ya Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Mwaka 1963 Brian alikuwa kijana asiye na hela ya Stratocaster, wakaanza kutengeneza la kwao na baba yake, mhandisi wa mambo ya umeme. Mbao ya shingo waliitoa kwenye fremu kuukuu ya meko. Springi za kurudishia nyuzi zilikuwa za vali za pikipiki. Alama za kwenye shingo zilitokana na vifungo vya nguo vya lulumizi. Na alilipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya pleki. Mtu aliyekulia Mwanza akiona mafundi wanavyogeuza pipa kuwa jiko hashangai hata kidogo, anauliza tu springi zilikuwa za pikipiki gani.

Sasa ziwa. Ukikaa karibu na maji kama sisi, nyuzi hushika kutu upesi na jasho linaongeza. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hata kama umechoka. Vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Tia viwili kwenye begi la gitaa. Na usiliache begi ndani ya gari juani wakati mnakula sato, gundi na joto haviivani.

Amplifaya ndiyo iliyonigharimu kuliko gitaa bandia. Ndugu yangu aliniletea moja kutoka Marekani, nikaichomeka ukutani kwa furaha. Iliishi sekunde nne. Ya kule ilikuwa ya volti 120, ukuta wetu unatoa 230. Moshi ukatoka, mke wangu akauliza kama hiyo ndiyo roki yenyewe. Geuza amplifaya usome nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 120 peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme au iache. Umeme ukikatika, chomoa, usisubiri urudi na kishindo.

Yule kijana nilimpeleka kwa rafiki yangu Nyegezi mwenye magitaa matatu. Nikamwambia afumbe macho, apige wimbo uleule kwenye kila moja, akiwa amesimama na mkanda begani. Alichagua lenye hambaka mbili na jina ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Akalipata kwa laki mbili na themanini, iliyobaki akanunulia waya mzuri na seti mbili za nyuzi. Jumapili iliyofuata, kwenye pambio la pili, uzi wa kwanza ukakatika. Seti ya akiba alikuwa ameiacha nyumbani.